Mtani Kaburini

Ndege iligeuka ikiwa imeshafika.

Semeni Chilewa aliiona kwenye kioo cha meza yake, ofisini Dodoma, akiwa na kipande cha muhogo wa kukaanga mdomoni. Ilikuwa ndege nyeupe isiyo na rubani, tumbo limejaa viraka vya joto, na chini yake watu wa kata ya Chisangaze walikuwa wameshajaa uwanjani wakipunga kanga na kofia. Mama mmoja alimwinua mgonjwa wake kwapani ili naye aione. Kivuli cha ndege kikapita juu ya paa la ofisi ya kata. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba kaacha moto jikoni, ndege ikainua pua, ikazunguka, ikarudi ilikotoka.

Kanga zilibaki hewani. Hakuna aliyezishusha mara moja.

Kwenye mlingoti wa ofisi ya kata, jani la chuma lililoitwa Sikio likazungumza kwa ile sauti yake ya upole, Kiswahili kimepigwa pasi: "Wananchi wa Chisangaze, imesikika tuhuma ya wizi wa misaada. Njia yenu imesimamishwa hadi maana ya maneno yaliyosemwa ithibitishwe. Tunawatakia mchana mwema."

Semeni aliutema muhogo kwenye karatasi. "Maneno gani?" akauliza.

Kipuli kilichokuwa sikioni mwake kikatetema. Huko ndiko Sikio lilikozungumza naye. "Maneno ya jana, makaburini," likasema. "Sikiliza."

Ilianza sauti ya majembe, halafu sauti ya mwanamke, nzito na yenye mwangwi, kama inayotoka mtungini.

"Sitoki! Zikeni juu yangu! Wagogo nyie, hata kaburi mnachimba fupi, mnadhani Ndahani ni sungura? Miguu imkunjwe ili iweje?"

"Toka humo, Mhehe! Jua linatuua!" mwanamume mmoja akajibu.

"Liwaue! Ulanzi wangu mmekunywa, mlenda wenu nimekula ukanishinda kumeza, leo mnanilipa nini? Mtendaji! Yuko wapi Mtendaji? Nitoe humu kwa viraka, baba! Vile ulivyovificha ghalani. Mwizi mkubwa wewe, unamzika mtu na dawa yake umeikalia!"

Vicheko vikalipuka. Mtu akapiga vigelegele. Semeni naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana alikuwa Mgogo wa kwa baba na alijua tangu utotoni kwamba msiba wa Mgogo bila Mhehe wa kumtukana marehemu ni msiba uliopwaya. Mtani huingia kaburini, hulala chali, hutaja anachokitaka, wala hatoki mpaka akipate. Chochote atakachosema humo hakina kesi.

"Unacheka," likasema Sikio.

"Nacheka kwa sababu ni utani, we chuma! Mmewageuzia watu ndege kwa ajili ya utani?"

"Uzito wa tuhuma ni mkubwa. Kanuni inakutaka wewe mhakiki uyasikie maneno kutoka kinywani mwa msemaji. Neno lako litakuwa la mwisho."

Semeni alichukua mtandio na funguo za gari.

*

Njia nzima alikuwa akilisemesha Sikio kwa hasira, mikono imekamata usukani, nje mashamba ya zabibu yamebaki vijiti. Jua la nchi kavu lilikuwa limegeuka ugonjwa tangu yeye yuko chuoni. Homa ya jua, watu waliiita hivyo tu. Ilimpata mtu akipalilia, jioni akaanza kuweweseka, kesho akawa habari. Kiraka ndicho kilichomtenga mgonjwa na marehemu: kitambaa cha ukubwa wa kiganja, ukikibandika kisogoni joto la mwili linashuka kabla ugali haujaiva. Vilitengenezwa ng'ambo, na Umoja wa Wafadhili ulivitoa bure.

Bure, ila si hovyo. Wafadhili walishachoka kusomewa taarifa zilizopambwa na viongozi, misaada ikiishia njiani kama maji kwenye mchanga. Wakaacha kuuliza viongozi, wakatundika Sikio. Kila kata ikasimikiwa mlingoti wenye jani la chuma, likasikiliza watu wanavyowasema wakubwa wao sokoni, kisimani na kilabuni, likasikiliza hata ghala linavyojaa na kupungua. Kata iliyoongozwa vizuri ilikabidhiwa mzigo mkononi igawe yenyewe. Iliyoongozwa vibaya ilifungiwa njia.

Semeni aliipenda kazi hiyo. Sikio lilipoletwa lilijua Kiswahili cha kwenye makopo. Lilisikia watu wa Kondoa wakisema "diwani katuua leo" kwa kicheko, likaifungia kata kwa mauaji. Ni yeye, msichana wa stashahada, aliyekaa mbele ya wakubwa wa Umoja akawaambia lugha hii haisikilizwi kwa sikio moja. Alipigania neno moja kwa miaka, akalipata. Sasa mhakiki aliweza kulijibu Sikio kwa namna mbili: *kweli*, au *utani*. Neno hilo la pili lilikuwa lake, kama mtu alivyo na mtoto.

"Dakika chache tu," alijiambia akiegesha gari Chisangaze. "Nimsikie mama huyu, niseme neno langu, ndege irudi."

*

Nyumba ya msiba ilikuwa nyuma ya ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua huo lilionekana paa refu la ghala la zamani la alizeti. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Katikati yao, juu ya kanga iliyoloweshwa, alilala mwanamke mjamzito, midomo imepasuka, macho yamefunguka nusu bila kumwona mtu. Pembeni yake mama mnene alikuwa akimpepea kwa ungo.

"Mbukwenyi," Semeni akasalimu.

"Mbukwa. Haya, Mgogo wa kiyoyozi kafika," akasema yule mwenye ungo, na sauti ile ya mtungini Semeni akaitambua papo hapo. Huyu ndiye Tulamwona Kikoti. "Tazameni alivyo laini! Huyu mlenda haujui, anaula kwa uma."

Wanawake wakatabasamu kwa uchovu.

"Mama yangu, kamwene," Semeni akasema, akipiga goti. "Nimekuja kwa ajili ya maneno yako ya kaburini."

"Kumbe Kihehe cha salamu unacho! Kaa. Huyu ni Nyemo, binti wa marehemu. Juzi alikuwa anampepea baba yake, leo tunampepea yeye. Kaburi la baba bado bichi."

Semeni alimtazama Nyemo, akauona mshipa wa shingoni unavyokimbia. Akakaza moyo. Akiharakisha kusema neno lake, ndege itaharakisha kurudi.

"Mama, kule kaburini ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania."

Kipuli kikatetema. "Msemaji amekiri. Mhakiki, sema neno lako."

Semeni alifungua mdomo.

"Na nilikuwa nasema kweli," Tulamwona akaongeza, ungo haujasimama. "Nani kakufundisha kwamba mtu akisema husema kimoja tu?"

Kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona, Semeni aligeuka kuangalia wanawake wengine, akitafuta atakayecheka. Walikuwa wakitazama chini.

"Unamaanisha viraka vipo?"

"Vipo. Hapo." Tulamwona alielekeza kwa kidevu, juu ya minyaa. "Mwanangu, ningesimama mkutanoni nikayasema hayo, kesho ningeitwa mchochezi. Msibani mimi ni mtani. Namtukana Mtendaji, anacheka, na usiku akilala neno linamwasha mwilini kama upupu. Ndivyo tulivyokuwa tukiwasema wakubwa, tangu enzi za bibi zetu. Leo mmetundika chuma chenu juu ya kaburi. Mzaha wangu umegeuza ndege! Haya niambie wewe mwenye lugha: nimebakiwa na wapi pa kusemea?"

Semeni alisimama, akapita kwenye upenyo wa ua.

*

Mtendaji wa kata, Lameck Sogodi, alikuwa amekaa kivulini mlangoni mwa ghala, mwembamba, shati limeingizwa vizuri kwenye suruali, kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Hakukimbia wala hakung'aka.

"Wewe ndiye mhakiki," akasema. "Nimekungoja. Wanasema mimi mwizi. Ingia ukague, dada yangu."

Alifungua milango yote miwili. Ubaridi ukamfuata Semeni usoni. Makasha meupe yenye nembo ya Umoja yalipangwa kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati, mstari baada ya mstari, hakuna lililochanwa. Juu ya mlango ilining'inia bendera ya kitambaa: KATA BORA YA UTUNZAJI.

Kwanza Semeni alipumua. Mtu huyu hakuiba. Neno la Tulamwona lilikuwa chumvi ya utani, basi.

"Hakijatoka hata kimoja," Sogodi akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Tangu msimu uanze."

Ndipo ilipomwingia. Ilimwingia polepole, kama baridi ya lile ghala, ikaanzia vidoleni ikapanda. Alitazama makasha. Alitazama ua wa minyaa. Kutoka pale aliweza kuisikia sauti ya ungo.

"Mtendaji," akasema, na hakuitambua sauti yake. "Kuna mtu anakufa hapo. Hapo! Ukirusha jiwe linamwangukia."

"Najua ni nani. Ni dada yangu. Ndahani alikuwa baba yangu mdogo."

"Ulimwacha baba yako mdogo afe, na hivi vyote..."

"Ningempa yeye nikamnyima nani?" Sogodi alimkatiza, na fahari yote ikamtoka, akabaki mtu aliyechoka. "Wangesema Mtendaji anapendelea ukoo. Mngesikia, mngefunga. Ningewapa wote? Jirani zetu wa Mangwata waligawa. Joto la Januari halikuua mtu kule, hata mmoja. Lakini Sikio halisikii mtu aliyepona, dada. Linasikia rafu tupu. Ghala likishuka chini ya nusu linasema hapa pana ubadhirifu. Mangwata ikafungiwa. Joto lililofuata walizika watoto wa darasa zima, nami nilibeba majeneza. Nikarudi nikaapa: hapa kwangu haitatokea. Na unaona? Tumesifiwa hadi redioni. Wanatuletea zaidi, kwa sababu hatutumii."

Semeni alijishika kwenye kasha. Alikuwa ameandaa hasira kwa ajili ya mwizi, na mwizi hakuwepo. Palikuwa na kiongozi aliyefanya kila alichotakiwa, akasifiwa kwa kila alichofanya, na nyuma ya nyumba watu wakazikwa.

"Sikio," akaita. "Umesikia?"

"Nimesikia. Ghala halimo katika kazi yako. Kazi yako ni maana ya maneno. Ukisema *kweli*, ghala litatiwa lakiri hadi wachunguzi wafike. Ukisema *utani*, njia itafunguliwa na mzigo utaletwa mwezi ujao kwa ratiba. Sema neno lako."

Lakiri. Nyemo afe mlangoni pa dawa iliyopigwa muhuri. Au makasha juu ya makasha, bendera juu ya bendera, na Nyemo afe vilevile. Maneno mawili, moja lao alilolipigania kwa jasho lake, yalikuwa mikononi mwake, na yote mawili yalikuwa majembe ya kaburi.

"Toa machache," akamsihi Sogodi. "Wagonjwa wa leo tu."

"Wagonjwa wa leo ni kata nzima. Nikianza hapa sitasimama, na utakuwa umeniachia Oktoba mikono mitupu. Oktoba, dada! Unaijua Oktoba yetu? Ukimwokoa Nyemo leo, uje unisaidie kuzika shule."

Wala hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Kikohozi kikavu kilivuka ua. Baada yake, ungo ukasimama. Semeni akasubiri uanze tena. Haukuanza.

"Utani," akasema kwa sauti.

"Neno limepokewa. Njia ya Chisangaze imefunguliwa."

Sogodi alifumba macho kwa shukrani. "Mungu akubariki."

"Usinishukuru." Semeni alikwenda kwenye upenyo wa ua, akaita kwa nguvu zake zote: "Mama Kikoti! Nimesema ni utani! Na mtani msibani akitaka kitu kwa mfiwa, mfiwa humnyima?"

Tulamwona akainuka, mkubwa, kanga imefungwa kiunoni, akamtazama Semeni kama anayemwona mara ya kwanza.

"Hanyimwi," akasema. "Hata akitaka jogoo wa mbegu. Na akichukua mwenyewe hashtakiwi." Aligeukia mikeka. "Wahehe wenzangu mliopo, na wakwe wa Wahehe, na mliowahi kunywa ulanzi! Tulitolewa kaburini mikono mitupu. Mfiwa huyu hapa."

Walikuja kwa kishindo, wenye ungo, wenye tenga, wenye kanga tupu. Sogodi alisimama mlangoni akatandaza mikono. "Mama, nakuomba. Oktoba, mama!"

"Oktoba tutakufa tukiwa tumeishi mpaka Oktoba," Tulamwona akamjibu, akapita chini ya mkono wake. Kasha la kwanza likachanwa.

Kipuli kikatetema kwa nguvu, na safari hii hata jani la chuma kwenye mlingoti likasema neno lile lile, kata nzima ikasikia. "Makasha yanatoka ghalani bila kibali. Mhakiki, je, huu ni wizi?"

"Ni utani."

"Utani huwa na kicheko. Sisikii kicheko."

Wanawake walisimama na makasha vichwani. Ni Semeni aliyelifundisha Sikio hivyo. Alikuwa amekaa nalo wiki nzima, akilichezea kanda za misiba, akiliambia hapa, sikiliza, hapa wanacheka. Akajilazimisha kucheka. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anayekwangua sufuria.

"Kicheko cha mhakiki hakihesabiwi," likasema Sikio. "Wala cha mtani. Kinachohesabiwa ni cha anayetaniwa. Asipocheka, ni wizi, na askari wataarifiwa."

Macho yote yakamgeukia Lameck Sogodi.

Alikuwa ameegemea mlango, juu ya kichwa chake ile bendera. Angeweza kunyamaza tu. Kunyamaza kungetosha: askari wangekuja, makasha yangerudishwa, ghala lingejaa, Oktoba ingekuwa na viraka, kama Oktoba ingeruhusiwa kuvitumia. Semeni alitaka kumwambia neno, lolote, naye ndiye aliyekuwa na maneno. Hakupata hata moja. Yule mtu aliangalia kitambaa cheusi mkononi mwake. Aliangalia ng'ambo ya ua. Kifua chake kikapanda.

Akacheka.

Kilikuwa kicheko kibaya. Kilimtoka kwa mikupuo kama mtu anayetapika, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola ya lile shati safi, na alipokianzisha hakujua kukizima. "Mtani," akasema katikati yake, "mtani umenipata, he! Chukua. Chukua mama, umenipata."

"Utani umethibitishwa," likasema Sikio.

Wakabeba. Kasha kwa kasha, rafu kwa rafu, na Sogodi akicheka mlangoni, hakuna aliyethubutu kumtazama. Makasha yaliyotoka yalipopita nusu, Sikio likatangaza kwa upole ule ule kwamba ghala la Chisangaze limeonyesha dalili za ubadhirifu, daraja la kata limeshuka, na njia imefungwa hadi mwaka ujao.

Semeni alichukua kiraka kimoja, akakimbia. Nyemo alikuwa amegeuzwa ubavu. Semeni akashindwa kubandua ile karatasi ya nyuma. Bibi mmoja akamnyang'anya, akaibandua kwa meno, akakipachika kisogoni na kukikandamiza kwa kiganja. Wakangoja. Walingoja muda ambao Semeni hakuuhesabu, akiushika mkono uliokuwa wa moto kama kigae, kisha wa moto kidogo, kisha mkono tu.

Nyemo akameza mate. Macho yake yakazunguka, yakasimama kwenye minyaa, kule kicheko kilikokuwa bado kinatoka.

"Nani huyo," akauliza kwa sauti nyembamba, "anayecheka hivyo kwenye msiba wa baba?"